Namna ya kuwakutanisha Bugonoka na Rosa ufukweni Tanga: mwongozo kwa anayeanza kuandika

Kila likizo ikifika, vijana wa hapa Tanga wanaopenda kuandika huniletea zoezi lile lile: chukua wahusika wawili wa kike kutoka vitabu viwili vya nyakati mbalimbali, wakutanishe, andika kitakachotokea. Na maswali ni yale yale. Wataongea lugha gani? Nieleze walifikaje? Nani aanze kusalimia? Mbona wangu wanahutubiana kama wako bungeni? Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ukishika daftari tuanze.

Nitatumia wahusika wawili mwanzo hadi mwisho ili usipotee. Wa kwanza ni Bugonoka, mke wa Myombekere, katika *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*, kitabu cha Aniceti Kitereza. Mzee Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapwa mwaka 1980 katika juzuu mbili. Wa pili ni Rosa wa *Rosa Mistika*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971. Wote ni wa Ukerewe. Bugonoka anaishi kisiwani kabla ya utawala wa Wazungu. Rosa anaishi Namagondo, nchi ikiwa imeshapata uhuru. Kisiwa kimoja, dunia mbili. Ukiwa na wahusika wengine unaowapenda, watumie, ila hatua ni hizi hizi.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Vitabu vyote viwili, umevisoma mwenyewe. Muhtasari wa kujibia mtihani hautoshi. Muhtasari utakwambia Rosa alilelewa kwa ukali. Hautakuonyesha Zakaria, baba yake, anavyoingia nyumbani amelewa.
- Daftari lenye kurasa mbili zinazotazamana, moja ya kila mhusika.
- Asubuhi moja ya kukaa ufukweni bila simu mkononi.
- Mtu mmoja wa kumsomea kwa sauti ukimaliza. Bibi au shangazi anafaa kuliko mwanafunzi mwenzako, kwa sababu hatakuogopa.

Hatua ya 1: Chagua ukurasa, usichague jina tu

Anayeanza husema "nimemchagua Rosa". Rosa yupi? Yupo msichana anayepigwa na baba kwa sababu ya barua ya mvulana. Yupo yule aliyekwisha kutoka mikononi mwa baba na kuuona uhuru asioujua matumizi yake. Na yupo wa sura za mwisho, ambaye huwezi kumkutanisha na mtu kwa sababu anakufa. Hao ni watu watatu wenye jina moja.

Fungua kitabu, weka kidole mahali, sema: anatoka hapa. Mimi nimemtoa Rosa baada ya kutoa mimba, kabla mambo hayajafika mwisho. Bugonoka nimemtoa pale ambapo wazazi wake wamekwisha kumchukua kutoka kwa mumewe, kwa kuwa ndugu wa mume walikuwa wanamsema kwa kukosa mtoto, na Myombekere bado hajatimiza pombe ya ndizi anayodaiwa ili arudishiwe mke. Kwa hiyo huyu Bugonoka yuko kwa baba yake, hajui kama atarudi kwake au la. Hajui kwamba mbele ya safari kuna Ntulanalwo na Bulihwali, watoto atakaowazaa. Wewe unajua, yeye hajui. Usimpe habari njema ambayo kitabu hakijampa.

*Onyo:* enzi si umri. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote. Kwa kuwa Bugonoka ni wa zamani, watu humpa mvi na mkongojo, wanamkalisha mkekani amuusie Rosa. Katika ukurasa nilioutaja, Bugonoka ni mke kijana. Amemzidi Rosa miaka michache tu, pengine hata hiyo hakuna. Ukimzeesha umelifuta pambano lote, unabaki na bibi anayetoa wosia.

Hatua ya 2: Orodhesha wasiyoyajua

Kwenye kila ukurasa wa daftari andika vitu kumi ambavyo mhusika hajawahi kuviona au kuvisikia. Vya Bugonoka ni vyepesi: shilingi, barua, shule, lori, misa, jina la ubatizo. Vya Rosa ndivyo vitakavyokutoa jasho, kwa sababu tunadhani mtu wa karibu na sisi anajua kila kitu. Rosa hajui simu ya mkononi. Pia hajui kukaa katika nyumba ambayo ugomvi wa mke na mume unapelekwa mbele ya wakwe, unajadiliwa siku nzima, na mume anatozwa faini mbele ya watu. Kwao, Zakaria akimpiga mkewe Regina, nani anamtoza?

Kitu kimoja ambacho wote wawili hawakijui ni bahari. Kipigie mstari, tutakihitaji.

Hatua ya 3: Tafuta mahali ambapo wao ni wageni na wewe ni mwenyeji

Ukiwakutanisha Ukerewe, mmoja atakuwa mwenye nyumba. Kama ni Ukerewe ya Rosa, Bugonoka anageuka mzuka anayeshangaa mabati. Kama ni ya Bugonoka, Rosa anageuka mtalii. Walete Tanga, ambako hakuna hata mmoja mwenye ndugu.

Sababu ya pili ni wewe. Mahali unapopajua kwa miguu hapakudanganyi. Mtoto wa Ngamiani anajua barabara ipi inauza mihogo ya kuchoma jioni na wapi baiskeli hupita bila kengele. Tumia hayo. Mimi napenda diko la samaki la Deep Sea asubuhi, kwa kuwa pana kazi, pana kelele, na mgeni hashangazi mtu: Tanga watu waja leo, waondoka leo. Wengine wameandika vizuri wakitumia ngazi za jengo la zamani mjini, karibu na ule mnara wa saa wa enzi ya Wajerumani. Rosa anaisoma saa, Bugonoka analiangalia jua, na wote wawili wanapata jibu moja.

Walifikaje? Usieleze. Hakuna msomaji aliyewahi kuifunga hadithi nzuri kwa sababu hakuonyeshwa tiketi. Sentensi ya kwanza iwakute wamekwisha kukaa.

Hatua ya 4: Yasome maji kabla ya kuandika

Ziwa halipwi kama bahari. Mtu wa Ukerewe anajua mawimbi, anajua dhoruba, anajua mtumbwi kuzama, lakini hajawahi kuona maji yakiondoka yakaacha mitumbwi imelala ubavu kwenye tope. Hiyo ni zawadi kwako, na watoto wa Tanga wengi wanaiacha kwa kuwa wameizoea.

Nenda ufukweni siku ya bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Hapa kwetu siku hizo maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na kupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita. Usiniamini mimi, muulize mvuvi yeyote, atakutajia ya siku hiyo bila kutazama karatasi.

Kaa kuanzia saa moja hadi saa nne. Andika maji yalipo kila baada ya muda: yamefika jiwe lile, yameacha kamba ya ngalawa, wanawake wameanza kushuka na ndoo na vijiti kuchokoa pweza. Hiyo ndiyo saa ya hadithi yako. Mazungumzo yanaanza maji yakiwa karibu na miguu yao, yanakwisha maji yakiwa mbali. Hutahitaji kuandika "muda ulipita" hata mara moja.

Na jambo la kwanza Bugonoka atakalofanya mbele ya maji mengi namna ile ni lipi? Atachota anywe. Kwao maji hunywewa. Atainama, atakinga kiganja, atakipeleka mdomoni, na uso utabadilika kabla hajatema. Hapo Rosa, aliyejifunza darasani kwamba bahari ni chumvi, alikuwa na nafasi ya kumwambia na hakumwambia. Kwa nini? Jibu lako kwa swali hilo ndilo litakalokuonyesha Rosa wako ni mtu gani. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba Rosa alitaka kuona kama na wengine hudanganyika kirahisi kama yeye. Sikuwa na la kuongeza.

Hatua ya 5: Panga salamu na majina ya kuitana

Rosa ataanza na shikamoo, kwa mazoea ya shule. Bugonoka hataitikia marahaba, maana hiyo si salamu ya kwao na ya wakati wake. Acha kimya kikae kidogo. Kisha Rosa atageukia Kikerewe, lugha waliyoshirikiana, na mambo yatafunguka. Wewe utaandika kwa Kiswahili chote. Msomaji ataelewa kwamba wao wanaongea chao. Usitie maneno ya Kikerewe usiyoyajua kwa kunogesha. Mkerewe atasoma.

Rosa amwite Bugonoka "dada", kwa kuwa ni mwanamke aliyeolewa. Bugonoka atamwita "mdogo wangu". Ongeza mtu wa tatu, mama muuza samaki wa pale dikoni. Ni mtu mzima, huyo Rosa atamwamkia "Shikamoo mama", naye atasema "Marahaba mwanangu, mwatoka wapi?" Swali hilo litajibiwa na Rosa peke yake, kwa sababu yeye ndiye mwenye Kiswahili. Tazama kilichotokea: mwenye heshima ya ndoa hana lugha ya mahali, na mwenye lugha hana heshima hiyo. Kila mmoja anamhitaji mwenzake kwa kitu. Mazungumzo yasiyo na kuhitajiana hufa kwenye ukurasa wa pili.

Hatua ya 6: Wape kazi ya mikono

Watu wawili waliokaa wakitazamana huhutubiana. Watu wawili wenye kazi mikononi huongea. Wape beseni la samaki na visu viwili, muuza samaki amewaomba wamsaidie kupara. Wote ni watoto wa ziwani, samaki wanawajua tangu utotoni, kwa hiyo watakubali bila wasiwasi.

Samaki wawe tasi. Hapa ndipo pwani inapowashika. Tasi ni mdogo, mpole wa sura, lakini miiba ya mapezi yake ina sumu na ikikuchoma mkono unawaka. Mtu wa ziwani atamshika kwa ujasiri wake wote. Bugonoka achomwe, kisha Rosa achomwe naye, au Rosa achomwe kwanza akitaka kuonyesha anajua. Muuza samaki apige ukelele: "Tasi huyo! Hashikwi hivyo!" Baada ya hapo mke wa enzi za kale na msichana wa shule wako sawa, wananyonya vidole vyao kama watoto.

*Onyo:* mwiba ni mwiba. Usiandike sentensi ya kueleza kwamba mwiba ni mfano wa maisha ya mwanamke. Ukijisikia kuiandika, inuka ukanywe chai.

Hatua ya 7: Tafuta swali moja ambalo kwa mmoja ni la kawaida na kwa mwenzake ni kisu

Hatua hii ndiyo moyo wa zoezi, ipe siku nzima. Pitia kurasa mbili za daftari utafute mahali ambapo jeraha la mmoja linagusana na jeraha la mwenzake bila kulingana. Kwa hawa wawili halikawii kuonekana. Bugonoka amerudishwa kwao kwa sababu hana mtoto. Rosa alikuwa na mimba, akaitoa. Na Bugonoka, kama mwanamke yeyote wa zamani na wa leo, akikaa na mwanamke mwenzake atauliza habari za watoto. Kwake ni salamu tu.

Soma kipande hiki, halafu uandike chako, usiige changu:

"Wa kwa nani wewe?"

"Wa Zakaria. Namagondo."

Bugonoka alilirudia jina kimoyomoyo, hakulipata. "Huyo Zakaria mama yake alimwita nani?"

Rosa hakujua. Alimgeuza samaki, akatafuta pa kumshika.

"Haya. Watoto wangapi?"

"Sina."

"Hata mimi." Bugonoka akalivuta beseni likae katikati yao. Lilikuwa upande wake tangu walipoanza. "Na kwenu wanasemaje?"

"Hawasemi kitu."

"Hawasemi! Una bahati ya wazazi."

Rosa akaosha kisu, ingawa kilikuwa safi.

Bugonoka amesikia "sina" na amepata mwenzake. Rosa amesema kweli tupu na bado amedanganya. Msomaji aliyesoma vitabu vyote viwili anajua. Aliyesoma kimoja atahisi kuna kitu. Beseni limesogea. Hakuna aliyelia wala kukiri. Rosa asiungame, tafadhali. Kila mwaka napokea Rosa anayeanguka miguuni pa Bugonoka akilia na kusimulia yote, na Bugonoka anamsamehe kwa niaba ya mababu. Huyo si Rosa, hiyo ni hofu ya mwandishi kwamba msomaji hataelewa.

Kuna swali la pili, la akina baba: Bugonoka ametolewa kwa mume na baba yake ili kulinda heshima yake, Rosa amefungiwa na baba yake kwa jina la heshima hiyo hiyo. Linaweza kuzaa hadithi nyingine kabisa. Usiyabebe yote mawili kwa safari moja.

Hatua ya 8: Waachanishe kwa sababu ya nje

Maji yamepwa, muuza samaki anataka beseni lake, jua limekuwa kali. Sababu ndogo inatosha. Usiwaachanishe kwa kukumbatiana wala kwa ahadi. Kila mmoja arudi kwenye ukurasa ulipomtoa, na ukurasa ule ubaki kama ulivyo. Bugonoka atamsubiri Myombekere. Rosa ataendelea na yale yanayomngoja. Hadithi yako haina ruhusa ya kumwokoa, hata kama wewe unatamani. Nami natamani.

Ikikwama

*Wote wawili wanaongea kwa sauti moja.* Funika majina, soma. Kama hujui nani anasema, rudi Hatua ya 2. Dawa ya haraka: Bugonoka aulize maswali zaidi, Rosa ajibu mkato. Bugonoka amelelewa katika mazungumzo marefu, Rosa amelelewa katika nyumba ambayo kujibu ni hatari.

*Wanahutubia kuhusu haki za wanawake.* Kazi ya mikono imekuponyoka. Hesabu mistari tangu mtu aliposhika kisu mara ya mwisho.

*Bugonoka anashangaa kila kitu.* Chagua mshangao mmoja, chumvi au maji kupwa, mengine ayapite kimya kama mgeni mwenye adabu. Mtu mzima hajianiki ujinga wake mbele ya msichana.

*Tanga haionekani.* Huenda umeandika "bahari nzuri na upepo mwanana". Futa. Kama ulikaa upande wa bandari, mbele yako palikuwa na kisiwa cha Toteni, chenye magofu ya misikiti na hakuna anayeishi. Watu wa kisiwani wakiona kisiwa watauliza nani anakaa kule. Jibu la muuza samaki litakupa aya nzima.

*Imekuwa ndefu mno.* Kata mwanzo. Karibu kila mara hadithi inaanzia pale Bugonoka anapoinama kuchota maji, na yote uliyoandika kabla ya hapo ilikuwa ni wewe unajipasha moto.

*Aliyesomewa kasema hajaelewa.* Muulize alipotea wapi, si kama ameipenda. Akisema "pale kwenye watoto, mbona yule msichana kaosha kisu safi?", basi ameelewa, usiguse kitu.

*Je, naruhusiwa kuichapa?* Kuandika kwa zoezi na kusomeana barazani hakuna wa kukuzuia. Kuiuza au kuitoa kitabuni ni jambo jingine, kwa kuwa wahusika hawa wana wenyewe. Waandikie wachapishaji wa vitabu hivyo, au uulize Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kabla hujalipa mpiga chapa. Na vyovyote iwavyo, majina ya Kitereza na Kezilahabi yakae juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kabla ya lako.